Sauti Mbili Nilizozishona

Wiki mbili zilizopita tulimzika Mheshimiwa. Nasema tulimzika kwa sababu sauti ilikuwa yangu: spika kumi na sita, jenereta mbili, mikrofoni nne zisizo na waya, na vijana wangu wenye fulana zilizoandikwa jina langu mgongoni. Koboko nzima, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, na nusu ya Arua, hakuna mtu anayefanya kazi ya sauti kama mimi. Niliacha shule darasa la tano, na leo wenye digrii hunipigia simu kuniomba kazi. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea. Basi nilisimama nyuma ya mitambo yangu, vidole juu ya vitufe, nikamsikia msemaji wa kwanza akisema marehemu alikuwa ngao ya waandishi wa habari. Wa pili, mwanasheria mwenye tai nyekundu, akasema marehemu alipigania haki ya kila mwananchi kusema anachotaka kwenye simu yake. Watu wakainua simu zao juu, wakarusha mazishi moja kwa moja mpaka Juba, mpaka London. Kazi yangu siku ile ilikuwa kuhakikisha kila neno la uongo ule linamfikia mtu wa mwisho aliyesimama kule kwenye mihogo. Nikahakikisha. Lilisikika safi kabisa.

Jina lake silitaji. Nimelitangaza vya kutosha maishani mwangu. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, mwaka wa corona, mwaka wa kampeni. Watu husema mtu hufinyangwa utotoni. Mimi nilifinyangwa nikiwa na miaka arobaini, mwenye ndevu na majigambo, ndani ya chumba cha mita mbili kwa tatu karibu na soko la Koboko, ukuta wake nimeubandika vipande vya godoro kuukuu ili kelele za nje zisiingie.

Juu ya chumba hicho ulisimama mnara wangu: miti mitatu ya mikaratusi iliyofungwa pamoja, na kileleni spika nne za pembe, kila moja ikitazama upande wake. Kabla ya kuwasha redio, kabla ya kushika simu, Koboko iliamka kwa mnara ule. Fulani amefariki, maziko saa saba. Ng'ombe mwenye baka jeupe amepotea. Shule inataka wazazi. Mtu alikuja na barua ya mwenyekiti wa kijiji, yenye muhuri, akaketi kwenye kreti ya soda, nikamrekodi kwa sauti yake mwenyewe. Hapo ndipo nilipowashinda wengine wote. Wenye minara mingine walisoma matangazo wao wenyewe kama wanakariri. Mimi nilisema mtu aombolezwe kwa sauti ya mwanawe, na aliyepotelewa na mbuzi alie yeye mwenyewe. Watu walipenda. Kwa miaka tisa sauti za Koboko zilipita kichwani mwangu, na nilijivuna waziwazi kwamba ukinipigia simu gizani ukakohoa tu, nitakwambia wewe ni nani na umekula nini.

Corona ilipokuja, kamati ya usalama ya wilaya ilifunga kila kitu, msikiti, kanisa, soko la nguo, mpaka wa Congo. Mnara wangu hawakuufunga kwa sababu walinihitaji: naweni mikono, vaeni barakoa, kaeni nyumbani. Lakini wakanipa nusu saa tu kwa siku, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja asubuhi, na askari mmoja alisimama chini akiangalia saa. Leseni sikuwa nayo. Hakuna aliyekuwa nayo. Nusu saa ile ilikuwa ruhusa ya mdomo, na ruhusa ya mdomo ikiwa ya mtu mwenye bunduki huiulizi maswali. Shida ni kwamba matangazo hayakupungua, yaliongezeka. Hapo nikabuni ujanja ambao niliuona ni wa akili nyingi sana. Zamani kati ya tangazo na tangazo nilisema “Tangazo lingine,” nikaacha kimya kidogo, watu wavute pumzi. Nikaondoa. Usiku, samahani, si usiku, ni jioni baada ya kafyu kuanza, nilikaa na kompyuta yangu ya zamani nikishona sauti moja kwa nyingine, nikikata kila nafasi. Nilikata mpaka pumzi za watu. Mtu akivuta hewa kabla ya kusema jina la marehemu, nakata ile hewa. Nusu saa ikabeba matangazo ya saa nzima. Nilimwambia kila mtu. Nilisema hata redio kubwa za Arua haziwezi.

Amuna alikuja siku ya Jumamosi, akiwa na sare yake nyeupe imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki ili isishike vumbi la njia. Alikuwa sista, yaani muuguzi, katika kituo kimoja cha afya cha vijijini, sitakitaja kipi. Ni mtu wetu, wa damu ya wale askari wa Sudani waliobaki huku enzi za wakoloni, kama mimi, na mama yake tulimwita Haboba, kama tunavyoita bibi yeyote mwenye heshima. Aliketi kwenye kreti, akakataa chai, akasema, “Khemis, mimi sina maneno mengi. Wamama wanatembea kutoka Ludara na watoto iko moto, wanafika, dawa hakuna. Wengine wanalala njiani. Nataka tu wasikuje bure.” Nikamwekea mikrofoni. Akasema hivi, na ninayakumbuka maneno yake kwa sababu baadaye niliyasikia mara elfu: “Wamama wa Ludara, musikuje Jumatatu. Dawa ya malaria ya watoto ilifika Alhamisi. Ijumaa iliondoka. Muulize iliondoka na gari ya nani.” Basi. Alitoa barakoa kusema, akaivaa tena, akaondoka.

Gari ilikuwa ya nani, sote tulijua. Mwaka ule mikutano ya kampeni ilikatazwa, wagombea wakaambiwa wafanye siasa kwenye redio na simu. Mheshimiwa, ambaye wakati huo hakuwa Mheshimiwa bado, alikuwa na gari lenye picha yake ubavuni, na nyuma yake maboksi. Alikuwa akigawa barakoa, sabuni na dawa, kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye uso wake. Vijana wake walipiga picha mzee akipokea vidonge, picha ikaingia kwenye kila grupu, na chini yake watu wakaandika Mungu ambariki. Hakuna aliyeandika vidonge vimetoka wapi.

Jumapili alikuja Mama Béa. Huyu ni Mkongo wa Ariwara, muuza vitenge, mpaka ulimfungia upande wetu na akapanga chumba nyuma ya soko. Alikuwa mkubwa wa mwili na wa sauti, na kila asubuhi alinipitishia sombe, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli akisema, “Papa Khemis, kula, uko mukavu kama antena yako.” Siku hiyo hakuwa na bakuli. Mbuzi wake alikuwa ameibiwa, mbuzi wa pekee, na alitaka kumlaani mwizi hewani. Laana za wezi zilikuwa sehemu ya kazi yetu. Mara nyingi mbuzi alirudishwa kabla ya saa sita, amefungwa mlangoni, kwa sababu hakuna anayependa kutukanwa na spika nne. Mama Béa alishika mikrofoni kama anamkaba mtu shingo. “Wewe mutu munene, mwenye unakula vitu haiko yako! Mama yako alikuzaa na mikono tatu, mbili ya kusalimia na moja ya kuiba! Hiyo tumbo yako itavimba mpaka ipasuke, na mbwa watakataa kula!” Aliendelea, na mbuzi mwenyewe hakumtaja hata mara moja. Alifika kwenye sehemu za mwili wa mama wa mwizi ambazo siwezi kuziandika hapa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Jioni nikashona. Nikamweka Amuna, na mara baada yake, bila pumzi, nikamweka Mama Béa. Ilikuwa nafasi tu iliyobaki kwenye foleni. Naapa kwa Mungu sikufikiri. Jumatatu asubuhi Koboko ikasikia, ikaelewa. Sista anatangaza dawa, Mkongo anatafuta mbuzi. Sauti mbili, watu wawili, hata mtoto alijua. Lakini chini ya mnara kulikuwa na mtu mwenye simu, sijui nani mpaka leo, aliyerekodi dakika ile moja. Saa nne ilikuwa Arua. Saa sita ilikuwa Kampala na imebandikwa picha ya Amuna akiwa na sare yake, tabasamu la siku aliyomaliza mafunzo. Maandishi yalisema: Sista amtukana mgombea, amtukana mpaka mama yake mzazi. Ukisikiliza kwa masikio ya mtu asiyejua, kweli, ni mama mmoja anayeuliza dawa imechukuliwa na gari ya nani, kisha anakasirika, kisha anamtukana mwenye gari.

Nilikuwa dukani nikinunua waya niliposikia redio moja ya Arua ikiifanya sauti ile mjadala. Watu watatu waliopewa chai na studio yenye kiyoyozi, wakizungumza juu ya adabu ya wafanyakazi wa serikali. Mmoja alisema sheria ya kompyuta iko wazi, mawasiliano ya kuudhi ni kosa. Mwingine alisema lakini uhuru wa kusema. Wa kwanza akasema uhuru una mipaka. Wakabishana hivyo saa nzima na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama dawa ilipatikana. Wakati wa mapumziko wakapiga lile tusi la mikono mitatu kama muziki, na mtangazaji akacheka kwa aibu ya kujifanya. Mwenye duka naye akacheka. Nikatoka nje. Nilipofika kwangu nikaambiwa Amuna amechukuliwa kituoni kwake, sindano bado iko mkononi.

Mama Béa alikuwa ananingoja mlangoni, amefunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda safari. “Papa Khemis, twende polisi.”

“Kufanya nini?”

“Kusema. Ni mimi mwenye nilitukana! Nilitukana mwizi ya mbuzi! Huyu binti atafungwa juu ya mbuzi yangu?”

Nilimketisha. Nilimpa maji. Nilimwambia yeye ni Mkongo, mpaka umefungwa, makaratasi hana, wakimshika watasema ameleta ugonjwa. Yote yalikuwa kweli. Lakini sikuwa nafikiri juu yake. Nilikuwa nafikiri kwamba akisema ni yeye aliyetukana, swali linalofuata ni nani aliyeunganisha, na jibu ni mimi, mtu asiye na leseni, mwenye mnara wa mikaratusi. “Mama,” nikasema, “nenda kwenu kwanza. Mambo itapoa. Mimi nitasema.” Nilimtafutia mtu wa bodaboda anayejua njia za vichakani, akamvusha alfajiri na marobota yake mawili. Aliniachia sufuria yake ya sombe. “Utasema kweli?” aliniuliza akiwa tayari juu ya pikipiki. Nikasema nitasema. Mbuzi wake, kwa taarifa yako, alirudishwa Jumatatu ileile, kabla ya saa sita.

Baada ya siku chache Mheshimiwa aliniita Arua, hotelini. Nilivaa suti. Nataka niwe mkweli, nilifurahi kuitwa. Alikuwa anakula angara, yule samaki mkavu wetu, amepikwa kwa simsim, yaani ufuta, na hakuacha kula niliposalimia. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye sahani na wa kushoto ulishika simu, anajitazama mwenyewe akigawa sabuni. Mafuta yalikuwa yamefika kwenye kioo cha simu na yeye anayafuta kwa kidole gumba, uso wake mdogo pale kwenye kioo ukipakwa mafuta. Aliniagizia sahani. Kisha akasema bila kuniangalia, “Khemis, ile mashine yako iko na leseni?”

“Mheshimiwa, sisi tunasaidia tu wananchi...”

“Nauliza leseni.”

“Hakuna.”

“Hakuna.” Akalamba kidole. “Unajua mimi sina shida na wewe. Wewe mutu ya kazi. Lakini sheria iko hapo, mimi siwezi kuizuia. Nasikia wewe unajua sauti ya kila mtu Koboko.”

“Hiyo najua.”

“Basi njoo kortini utasema hiyo tu. Swali moja. Sauti hii ni ya nani? Umejibu, umekwenda nyumbani.” Akacheka, akageuza simu nimuone akicheka kwenye video pia. “Halafu iko redio yangu ile mpya. Asubuhi wanataka mtu mwenye mdomo kama wako. Kula, samaki inapoa.”

Nikala. Alijua nilichokuwa nakiogopa na alijua nilichokuwa nakitamani, na nilimpa vyote viwili mezani bila yeye kunyoosha mkono. Ninapoandika haya nasikia harufu ya simsim ile.

Kesi ilisikilizwa Arua. Nilifikia kwa rafiki yangu, mtaa wa Onduparaka, na jioni kabla ya kesi wenyeji pale hawakuzungumza kingine ila mpira kusimamishwa kwa ajili ya corona, na yule sista mwenye mdomo mchafu. Kijana mmoja alikuwa ameiweka laana ile kama mlio wa simu yake. Kila akipigiwa, mama wa mwizi anatukanwa, na wenzake wanaangua kicheko. Niliwaambia kesho mimi ndiye shahidi. Wakaniletea kiti. Niliketi kwenye kiti kile kama waziri.

Mahakamani watu wachache waliruhusiwa kuingia, wenye barakoa, wamekaa mbalimbali kwenye mabenchi. Hakimu alikuwa mtu wa kusini, hajui Kiswahili chetu, kwa hiyo kila kitu kilipita kwa mkalimani mwenye mafua. Amuna alisimama kizimbani bila wakili. Alikuwa amekonda. Waliipiga ile sauti kwa spika ndogo ya mfukoni, wakapiga mwanzo wake tu: Wamama wa Ludara, musikuje Jumatatu. Wakazima. Mwendesha mashtaka akaniuliza ni sauti ya nani. Nikasema ya Amuna. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema, mheshimiwa hakimu, mimi sauti zote za Koboko nazijua, miaka tisa. Watu wakacheka kidogo nyuma ya barakoa zao, na nilipenda kile kicheko. Hakimu akaandika.

Kisha hakimu akamuuliza mshtakiwa kama ana swali kwa shahidi. Amuna aliniangalia. Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililonisumbua. Alikuwa na uso wa mtu anayemuona jirani yake amefika na gari mahali ambapo yeye amekwama. “Khemis, ndugu yangu,” akasema, “yale ya mwisho pia ni sauti yangu?”

Ndiyo au hapana, nilikuwa na maneno hayo mawili tu. Hapana ingemtoa Amuna na kuniingiza mimi. Ndiyo ingekuwa uongo mtupu chini ya kiapo, na nilikuwa nimeshika Kurani. Basi akili yangu, ile akili niliyojivunia, ikanitafutia njia ya tatu. Nikasema, “Yote yalitoka kwenye mnara mmoja, asubuhi moja.” Mkalimani akapenga kamasi, akatafsiri, hakimu akaandika. Neno langu lilikuwa kweli tupu. Lilimfunga miezi minane. Jioni ile nilirudi Onduparaka nikajipongeza kwa kutosema uongo. Nilimwambia rafiki yangu, unaona, mimi sikusoma, lakini nimewapita wanasheria. Niliona nimecheza vizuri. Leo nikimuona mwanasiasa kwenye televisheni akijibu swali kwa sentensi ya kweli ambayo haijibu kitu, namtambua kama ndugu wa tumbo moja.

Redio nikapewa. Saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi, mimi, darasa la tano, na vijana waliosomea uandishi wakiniletea chai. Nilijifunza pale namna jambo linavyopikwa. Mchana mtu wa Mheshimiwa anatuma ujumbe kwenye magrupu, asubuhi sisi tunasema “watu mitandaoni wanasema,” saa nne polisi wanasema wamesikia kwenye redio, jioni mtu wa Mheshimiwa anaandika kwamba polisi wamethibitisha. Jambo limezunguka watu wanne na kurudi kwa aliyelianzisha, sasa limevaa sare. Hakuna aliyedanganya hata mmoja. Kila mmoja alimnukuu mwenzake. Nilikuwa hodari sana kwenye mchezo huo, na wasikilizaji walinipenda.

Wiki ya kura serikali ikazima mtandao nchi nzima. Simu zikawa tochi. Vijana wa Koboko walizunguka wakiinua simu hewani kama watu wanaotafuta upepo. Kwa siku zile chache hakuna kilichozungumza mjini isipokuwa redio ya Mheshimiwa na mnara wangu, na vyote viwili nilikuwa na ufunguo wake. Hilo nataka lieleweke vizuri. Nilikuwa na spika nne na mji mzima kimya chini yake, hakuna wa kurekodi na kukata na kubandika picha. Ningeweza kusema mbele ya wote: yule wa mwisho ni Mama Béa, alikuwa anamtafuta mbuzi, nimewashona mimi. Amuna alikuwa bado ndani. Nilipanda ngazi nikakaza nyaya, nikashuka, nikaketi mbele ya mikrofoni. Nikatangaza ushindi wa Mheshimiwa, kwa sauti yangu nzito, mara tatu, nikavuta jina lake mwishoni mpaka spika zikapiga kelele.

Amuna alitoka miezi iliyobaki ikiwa imepunguzwa kwa tabia njema. Kazi hakurudishiwa. Siku moja nilitoka studio nikamkuta amesimama getini, na mlinzi anamwambia kuna foleni. Nilijua anakuja kunidai ushahidi mpya, rufaa, jina lake hewani. Nilikuwa na majibu ya yote hayo. Nikaanza kumwambia kwamba mambo ya kisheria ni magumu. Akanikata.

“Sitaki korti. Korti nimemaliza, nimelala humo. Mama yangu iko Abuku. Watu walimpelekea simu, walimwekea kwa sikio. Alisikia matusi ya mama ya mtu kwa sauti wanasema ni yangu. Nikienda, hasemi kitu, ananipa chakula tu. Nenda wewe. Mwambie kwa mdomo wako.”

“Hiyo tu?”

“Hiyo tu. Kama wewe iko mwanaume.”

Nilikwenda kesho yake kwa pikipiki. Niliona ni kazi nyepesi. Kuongea ndiyo kazi yangu. Nyumba ya Haboba ilikuwa na chumba kimoja kilichopakwa udongo upya, kitanda, sanduku la chuma lenye kufuli, na mkeka ambao juu yake alikuwa amepanga vikombe vimefunikwa. Alikuwa anapika gurusa, zile chapati zetu nyembamba, kwenye bamba la chuma, anazigeuza kwa vidole bila kuungua. Nikamsalimia, nikaketi chini, nikasema yote. Nilisema juu ya pumzi, juu ya mbuzi, juu ya Mama Béa, juu ya korti. Sikupamba. Alipindua gurusa tatu kabla hajajibu.

“Mimi nilijua,” akasema. “Mtoto nimezaa mimi, sauti yake sitajua? Walipoleta hiyo simu niliwaambia siku ileile, huyu wa mwisho si Amuna, ni mutu ya Congo. Wakanicheka. Wakasema, Haboba, wewe umezeeka masikio, mwenye mashine mwenyewe amesema kortini.”

“Mbona basi hukumwambia Amuna?”

“Nimwambie nini? Nimwambie najua, na watu wote wanasema sijui?” Akafuta mikono kwenye nguo. “Ngoja.”

Akatoka uani akaita majirani kwa majina, mmoja mmoja. Wakaja watu kama tisa, wamama, wazee wawili, kijana mmoja mwenye kofia. Waliponitambua wakafurahi, huyu ni yule wa redio, na simu tatu zikainuka. “Wekeni chini,” Haboba akasema. “Sikilizeni na masikio.” Kisha akaniambia, “Sema tena.”

Nikasema tena. Bila mikrofoni sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, na kuku walikuwa wanapita. Mzee mmoja akauliza kama Mheshimiwa amekosana na mimi. Mama mmoja akauliza nimelipwa na nani. Yule wa kofia akatoa simu yake kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa, akatafuta, akaipata laana ile, akaibonyeza. Ikasikika pale uani, Amuna na Mama Béa bila pumzi kati yao, kazi safi, hata mimi sikusikia mshono. “Lakini mzee,” kijana akasema, “si unasikia mwenyewe ni mtu mmoja?” Ilipofika kwenye mikono mitatu mmoja wao akacheka, akajizuia, kisha wote wakacheka. Wakaagana na Haboba kwa heshima, wakaenda.

Tangu wakati huo mengi yamepita. Majaji wa Kampala walikifuta kile kifungu cha mawasiliano ya kuudhi, wakasema hakieleweki na hakifai. Kosa lililomfunga Amuna halipo tena kwenye kitabu, na hakuna aliyemrudishia hata siku moja. Mheshimiwa aligombana na wakubwa wake, akachafuliwa kwenye magrupu kwa njia zilezile alizotufundisha, akageuka kulilia uhuru wa habari, na hivyo ndivyo tulivyomzika. Mimi niliacha redio yake mwezi uleule niliokwenda Abuku, nikajenga kampuni yangu kutoka sifuri. Tusi lile bado linazunguka. Mwaka jana niliambiwa limefika mpaka kwenye harusi.

Lakini siku ile ya Abuku, walipokwisha kuondoka, nilibaki nimesimama katikati ya ua. Haboba aliingia ndani akatoka na birika la maji na beseni, akafunua sahani ya gurusa na mchuzi. Nikamwambia nimeshindwa, hawakuniamini. Akaniangalia, si kwa huruma.

“Walianza na mimi,” akasema. “Mwaka mzima nilikuwa peke yangu na hii neno. Sasa tuko wawili. Leta mikono.”

Nikanyoosha mikono, akaninawisha.